Nilimwajiri Msemaji, Nikampoteza Mtenda Kazi

Wiki mbili zilizopita dada mmoja mwenye kampuni changa aliniandikia: "Kaka, nafasi moja, mwaka mmoja, watu wanne. Wawili niliwaondoa mimi, wawili wameondoka wenyewe. Mshahara nalipa kwa wakati. Nakosea wapi?"

Nilianza kumjibu, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Swali lake liligusa kidonda nilichodhani kimepona. Nimeona nimjibu hapa, tena kwa urefu, maana wengi mnaonisoma mna kampuni zenu au mnajipanga kuzianzisha, na mtihani huu hakuna atakayeukwepa.

Kampuni yangu inasambaza vifaa vya ofisi: karatasi, wino wa printa, viti, makabati ya mafaili. Miaka ya mwanzo naipita tu. Tulihangaika kama kila anayeanza, tukasimama. Wateja walipozidi nikawa siwezi tena kuwazungukia mwenyewe, nikatangaza nafasi ya meneja mauzo. Waliofika hatua ya mwisho ya usaili walikuwa wawili.

Wa kwanza alitoka nje ya kampuni. Aliingia ofisini kama mtu anayerudi kwake. Nikiuliza swali, jibu liko tayari kabla sijamaliza, na kila jibu lina mfano, na kila mfano unaishia kwenye ushindi wake. Tulikaa saa moja na nusu. Maswali niliyokuwa nimeyaandika sikuyafikia hata nusu, mazungumzo yalikuwa yamenoga. Alipotoka nilimwambia mhasibu wangu, "Huyu ndiye."

Wa pili alikuwa dada yetu wa stoo. Kwa miaka minne alikuwa anapokea mzigo, anahesabu, anapakia, anaandika. Wateja walimpigia yeye moja kwa moja kuuliza kama wino wao umefika, na mimi hilo nililiona kama kuvuruga utaratibu. Aliomba nafasi kwa barua ya nusu ukurasa. Kwenye usaili alijibu kwa kifupi, macho mezani. Nilimuuliza ataongezaje mauzo. Akasema, "Tuanze kwa kuacha kuahidi mzigo ambao hatuna." Nikaona hilo ni jibu la mtu wa stoo tu. Baada ya dakika ishirini nilimshukuru, akarudi kwenye leja yake.

Nirudie, maana kosa lote limelala hapo: mmoja nilimpa dakika tisini, mwingine ishirini, kila mmoja na maswali yake, kisha nikajiambia kwamba nimewalinganisha.

Meneja mpya alidumu miezi minane. Aliahidi wateja mizigo ambayo haikuwapo, akagawa mapunguzo bila kuniuliza, na madeni ya wateja yakarundikana hadi mhasibu akaanza kuniletea orodha yake kila Ijumaa bila kuombwa. Wateja wetu wawili wakubwa walihama. Ambacho sikukijua wakati ule ni kwamba wangehama wengi zaidi. Kila ahadi ya uongo iliyotoka mbele, kule nyuma kulikuwa na mtu anayepiga simu kuomba radhi, anayetafuta mzigo mbadala, anayebaki hadi jioni kupakia upya. Nilimwachisha kazi yule bwana asubuhi ya Jumatatu. Saa nne nilishuka stoo, furaha imenijaa, kumwambia yule dada kwamba nafasi ni yake.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua droo akanipa barua ya kuacha kazi. Ilikuwa na tarehe ya wiki iliyopita.

"Bosi," akasema, "nafasi sikuwa naidai. Nilikuwa nasubiri siku moja tu uniulize mzigo unafikaje."

Alikwenda kwa mshindani wetu. Leo ndiye anayeongoza mauzo huko, na wateja wangu watatu walimfuata. Namtakia heri, nasema kwa moyo wote. Lakini bado inaniuma. Kila ninapoona gari lao likishusha mzigo mahali palipokuwa petu, najua mpango ule ni wa mkono wa nani.

Baada ya hapo nilisoma sana. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye chumba cha usaili mambo hayaendi hivyo: anayejitembeza ndiye anayenunuliwa, na kizuri kinabaki stoo. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walikusanya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Walionyesha kwamba kumpa mwombaji kipande cha kazi yenyewe akifanye mbele yako, au kumsaili kwa maswali yaliyopangwa, hubashiri utendaji wake vizuri kuliko mazungumzo ya kupiga soga. Idadi ya miaka ya uzoefu, ile tunayoiandika kwa herufi nene kwenye kila tangazo la kazi, ilibashiri kidogo sana. Mwaka 2022 watafiti wengine wakiongozwa na Paul Sackett walipitia hesabu hizo upya na kuzishusha, lakini usaili wa maswali yaliyopangwa ulibaki juu ya orodha. Google nao walikuwa na sifa ya kuwatega waombaji kwa mafumbo, na mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wao wa rasilimali watu, akakiri hadharani kwamba mafumbo yale yalikuwa kupoteza muda.

Maswali yaliyopangwa ni jambo jepesi, na ndiyo maana wengi hatulifanyi. Kila mwombaji anaulizwa maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule. Kila msaili anaandika alama zake peke yake, jibu baada ya jibu, kabla ya kusikia mwenzake anasemaje. Mkianza kujadiliana kabla ya kuandika, mwenye sauti kubwa chumbani ndiye atakayeajiri. Na swali liulize jambo lililotokea: "Nieleze siku uliyomwahidi mteja kitu kikashindikana. Ulifanya nini saa ile?" Ukimuuliza mtu angefanya nini, unapima ufundi wake wa kutunga.

Sasa kwenye kuwatunza. Dada yangu, umesema mshahara unalipa kwa wakati, nami nakupongeza, kwa sababu wako waajiri wanaotaka uaminifu wa mtu ambaye hawajamlipa miezi miwili. Pesa ina kazi yake, asikudanganye mtu. Mwaka 1913 kiwanda cha Henry Ford kilikuwa kinahitaji wafanyakazi kama 14,000, lakini kililazimika kuajiri zaidi ya 52,000 ndani ya mwaka huo, kwa jinsi watu walivyokuwa wakiikimbia kazi ile ya kurudia kitendo kimoja kutwa. Januari 1914 Ford akatangaza malipo yanayofika dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya yale ya awali, na zamu ikashuka kutoka saa 9 hadi 8. Watu walijaa getini, na kuondoka kukapungua sana. Ni kweli alituma pia wakaguzi majumbani kuangalia mfanyakazi anaishije kabla hajastahili fedha yote, na hilo silisifu hata kidogo.

Lakini dada yetu wa stoo hakuondoka kwa ajili ya mshahara, nao watu wako wawili huenda hawakuondoka kwa ajili hiyo. Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200, matokeo yakachapishwa mwaka 1959. Waliona kwamba mshahara mbovu na usimamizi mbovu humchukiza mtu kazi, ila kuvirekebisha peke yake hakumpi moyo wa kuipenda. Kinachompa moyo ni kufanikisha jambo, kutambuliwa kwa alilolifanikisha, na kupewa dhamana kubwa zaidi. Wanazuoni wamebishana naye miaka mingi kuhusu njia aliyotumia. Mimi nimeyaona kwa macho yangu, sina la kubisha.

Ninachofanya siku hizi ni kushuka stoo. Kila miezi mitatu nakaa na kila mtu peke yake, sasa tuko ishirini na watatu, na maswali yangu ni matatu: Ni kazi gani yako ambayo hakuna anayeiona? Ni nini kingekufanya utafute kazi kwingine? Ni kitu gani mimi nakifanya kinachokukwamisha? Zamani nilimuuliza mtu maswali haya siku anaondoka, barua imeshasainiwa, na majibu hayakuwa na kazi tena. Mara ya kwanza nilipokaa nao, kijana wa usafirishaji alizungumza dakika arobaini bila kupumua. Nilikuwa nimemfahamu miaka mitano. Katika miaka miwili iliyopita ameondoka mtu mmoja tu, naye alikwenda kusoma. Hilo najivunia, na sioni haya kulisema.

Na wewe unayenisoma ukiwa bosi, nakwambia bila kupamba: acha kuwalaumu vijana kwamba hawatulii kazini. Umekaa na nani wiki hii? Unajua nani anaziba mashimo yanayochimbwa na wale unaowasifu kwenye vikao? Angalia kazi. Unapoajiri angalia kazi, unapopandisha cheo angalia kazi, unapogawa bonasi angalia kazi. Mtu mkimya akiona mara tatu kwamba anayesifiwa ni mwenye maneno, hatagombana nawe. Atamaliza zamu yake vizuri, atasafisha meza, na siku moja atafungua droo.

Dada yangu, kabla hujatangaza nafasi hiyo kwa mara ya tano, watafute wale wawili walioondoka wenyewe. Wapigie simu. Usiwashawishi warudi na usijitetee. Waulize walikuwa wanafanya nini ambacho hukukiona, kisha nyamaza uandike.

Jumatatu ijayo nasaili ofisa mauzo, waombaji watano. Kuna malalamiko matatu ya kweli ya wateja, ya mwaka jana, nimeyachapa na kufuta majina. Kila mwombaji atapewa nusu saa ayajibu kwa maandishi. Majibu yatakwenda stoo bila jina wala wasifu, kwa vijana wawili ambao ndio hupakia mizigo, na wao ndio watakaotoa alama za kwanza. Mimi nitazisoma jioni.