Kabla ya kusaini mkataba wa Oman, uliza mwajiri analipwa na nani

Nilifika Maskati mwaka 2012 kama karani wa hesabu kwenye kampuni ya ujenzi. Nilipoona lami inapanda hadi milimani na taa zinawaka usiku kucha, nikajisemea kwamba nchi kama hii mshahara hauwezi kuchelewa.

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu pale Ruwi, mtaa wa Maskati, babu wa Kiomani mzaliwa wa Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Yeye aliitikia wito wa Sultan Qaboos, aliyeshika nchi Julai 1970 na kuwaita waliokuwa nje warudi kuijenga. Shule zilikuwa tatu tu, barabara ya lami kama kilomita 10. Zamani hizo milango ya mji wa Maskati ilifungwa usiku, na mwenye kutembea gizani sharti abebe fanusi. Mafuta yalikuwa yameanza kuuzwa nje mwaka 1967. "Mwanangu," akaniambia, "yote haya unayoyaona ni pipa la mafuta. Pipa likishuka bei, utasikia mpaka jikoni kwako."

Nikasikia kweli. Katikati ya 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 100. Januari 2016 likawa chini ya 30. Kampuni yetu iliishi kwa miradi ya serikali, na serikali iliishi kwa mafuta. Ankara nilizozipeleka kwa mkono wangu zikawa zinalala mezani, miezi miwili hatukulipwa, na mama yuko Tanga anasubiri ada ya mdogo wangu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usiulize mshahara peke yake, uliza na mwajiri wako analipwa na nani. Na usidhani Ghuba yote ni moja: Kuwait ilianza mwaka 1976 kutenga asilimia 10 ya mapato yake kwa vizazi vijavyo. Dubai, yenye mafuta machache, ilifungua bandari ya Jebel Ali mwaka 1979, ikaishi kwa biashara. Mimi mwenyewe nilihamia Sohar, kazi za bandarini, meli zinakuja hata pipa likilala. Kiinua mgongo kiandikwe kwenye mkataba. Na kabla hujampa wakala hata senti, hakikisha kazi hiyo haijatengewa raia, maana Oman zipo nyingi za namna hiyo.

Akiba yangu sasa ni mishahara mitatu. Kila mwisho wa mwezi, kabla sijatuma pesa Tanga, natazama kwanza bei ya pipa.