Aprili ya Thailand: joto, maji na mengine mliyouliza

Songkran, mwaka mpya wa Kithai, ni tarehe 13 hadi 15 Aprili, na kila siku hizo zikikaribia maswali huja kwa wingi. Wanaouliza ni walimu wa Kiingereza kutoka Kenya na Uganda, wafanyabiashara wa vito kutoka Tanzania, na wanafunzi. Nimeyachukua yale yanayowagusa wengi.

Nimekulia Dar, joto nalijua. Mbona hili la Bangkok linanishinda?
*Mfanyabiashara wa vito, Bang Rak*

Ndugu yangu, si wewe tu. Bangkok ipo karibu nyuzi 14 kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo mwishoni mwa Aprili jua la adhuhuri hupita sawasawa juu ya utosi. Hupita hapo tena mwezi wa Agosti, ila Agosti mawingu yametanda na mvua inanyesha. Aprili hakuna cha kulizuia. Dar tuna upepo wa bahari. Bangkok ni zege juu ya zege, na joto ambalo kuta zimelinywa mchana hulitema usiku, ndiyo maana unaamka umelowa. Huko kaskazini magharibi ni kukali zaidi: mkoa wa Tak ulifika nyuzi 45.4 tarehe 15 Aprili 2023.

Mizunguko ya juani imalize kabla ya saa nne asubuhi. Maji matupu hayatoshi ukitoka jasho kutwa. Nunua zile pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji, kila duka la dawa wanazo. Na hili lishikeni wote: mwenzenu akianza kuongea ovyo au kuyumba, na ngozi imekuwa ya moto, usimkalishe ukangoja apate nafuu. Msogeze kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na piga 1669, namba ya gari la wagonjwa.

Mwalimu mwenzangu Mthai amenialika kijijini kwa mama yake siku za Songkran. Nijiandae vipi?
*Mwalimu, Khon Kaen*

Nenda, mwalimu. Ukikosa mengine yote ya Thailand, hili usilikose.

Kwanza ujue umealikwa kwenye nini. Watu wengi wa Isan, yaani kaskazini mashariki, wanatafuta riziki Bangkok: wanaendesha teksi, wanajenga maghorofa, wanafanya kazi viwandani. Watoto wao wengi wanalelewa na bibi kijijini. Songkran ndio wakati wa kurudi, na mabasi hujaa siku nyingi kabla. Serikali yenyewe imeifanya tarehe 13 kuwa siku ya wazee na tarehe 14 siku ya familia. Kwa hiyo unaingia nyumba ambayo imezisubiri siku hizi mwaka mzima.

Asubuhi wataenda hekaluni na chakula cha watawa, kisha sanamu za Buddha zitamwagiwa maji yenye manukato. Uani utawakuta watu wakijenga vichuguu vya mchanga na kuvichomeka vibendera vya rangi. Wanaurudisha mchanga ambao nyayo zao zimeubeba kutoka hekaluni mwaka mzima. Vua viatu unapoingia, na ukikaa chini usielekeze nyayo zako kwa mtu wala kwa sanamu.

Halafu nyumbani, na hapa ndipo penyewe. Wazee watakaa mbele, mikono wameiweka pamoja, viganja juu. Utapewa bakuli dogo, mara nyingi la rangi ya fedha, lenye maji yanayonukia, maua ya asumini na petali za waridi zikielea juu. Piga magoti, inamisha kichwa, mmwagie mzee maji viganjani polepole. Kidogo tu, wengine wako nyuma yako wanangoja zamu. Unamtakia afya na umri mrefu, unamwomba radhi kama umemkosea. Kithai kikikuishia, sema kwa Kiswahili, atajua unachokitaka. Yeye atakuombea dua kwa sauti ya chini, na wapo wazee wanaochukua yale maji mkononi wakakupaka kichwani. Ukipakwa, tulia.

Zawadi isiwe ya kujionyesha. Taulo jipya, kitambaa, kikapu cha matunda, au shada la asumini ukilipata sokoni asubuhi. Mama wa nyumba mwite kama watoto wa pale wanavyomwita.

Baada ya hapo ndipo vijana wataleta pikapu zenye mapipa ya maji nyuma, na utapakwa mashavuni udongo mweupe laini uliokorogwa na maji, kama liwa. Furahi nao. Simu itie kwenye mfuko usiopitisha maji. Usimmwagie mtawa, mtoto mchanga, mzee wala mwendesha pikipiki.

UNESCO iliiingiza Songkran ya Thailand katika orodha ya urithi wa utamaduni Desemba 2023, lakini wageni wengi bado wanaijua kwa picha za Silom na Khao San tu, mitaa ya Bangkok ya kurushiana maji. Sina ugomvi na bastola za maji. Ila mtu aliyekaa nchi hii miaka na hajawahi kupiga magoti mbele ya mzee na lile bakuli, sherehe yenyewe hajaiona.

Mimi ni Mwislamu. Nijifungie ndani siku zote tatu?
*Mwanafunzi, Ramkhamhaeng, Bangkok*

Hapana, mdogo wangu. Ya hekaluni ni ibada ya watu, kaa pembeni kwa heshima, hakuna atakayekulazimisha. Maji ya barabarani si ibada. Kuhusu kuwamwagia wazee maji mikononi, hapo Ramkhamhaeng una Kituo cha Kiislamu cha Thailand mlangoni. Waulize masheikh wa pale, maana wamezaliwa ndani ya jambo hili na watakujibu kwa elimu kuliko mimi.

Mkataba wangu ni wa miezi kumi. Aprili sina mshahara. Naweza kufundisha kwingine kwa muda?
*Mwalimu, Chonburi*

Likizo kubwa ya shule huanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Mei, na shule au mawakala wanaotoa mikataba ya miezi kumi wanakwepa kuilipia. Naona ni dhuluma, hasa kwa mtu aliyeacha watoto nyumbani wanaomtegemea. Lakini usijibu dhuluma kwa kujiingiza hatarini: kibali chako cha kazi kimeandikwa jina la mwajiri mmoja. Ukikamatwa unafundisha kambi ya watoto kwingine bila kuongeza mwajiri huyo kwenye kibali, wewe ndiye utakayeumia. Mwajiri mpya akikutaka kweli, afuatilie kibali kwanza. Mwakani, usitie sahihi kabla ya kuuliza: mshahara ni miezi kumi au kumi na miwili?

Na angalia tarehe ya taarifa yako ya siku 90, ile ya kuwaeleza uhamiaji unapoishi. Unaruhusiwa kuipeleka kuanzia siku 15 kabla hadi siku 7 baada, na ofisi za uhamiaji hufungwa Songkran. Ipeleke mapema.

Tunaishi Chiang Mai, mtoto ana pumu. Moshi huu utaisha lini?
*Mama wa watoto wawili*

Hauishi mpaka mvua zishike, na mara nyingi hiyo ni Mei. Mashamba na misitu huchomwa kuanzia Februari, moshi mwingine unavuka mpaka kutoka Myanmar na Laos, na Chiang Mai imezungukwa na milima, hewa inakwama. Dada, kama mna uwezo wowote wa kumtoa mtoto, mtoeni. Pwani ya kusini, hata kwa wiki chache. Mkishindwa, fungeni chumba kimoja chenye mashine ya kusafisha hewa alale humo, barakoa ziwe za N95 zinazomkaa vizuri usoni, na dawa yake ya kuvuta isikae mbali naye.

Nikodi pikipiki niende Pattaya wakati wa Songkran?
*Mgeni, Bangkok*

Usikodi. Siku za Songkran pamoja na za jirani yake Wathai wenyewe huziita siku saba za hatari, kwa ajili ya vifo vya barabarani, na wanaokufa zaidi ni wa pikipiki. Pombe, lami iliyolowa, na ndoo ya maji usoni ukiwa mwendo kasi. Panda basi.

Bili ya umeme imepaa. Nifanyeje?
*Mpangaji, Nonthaburi*

Kiyoyozi kiweke nyuzi 26 au 27 na uwashe feni pamoja nacho, usafishe na kichujio chake. Kisha soma mkataba: wapo wenye nyumba wanaotoza baht 7 au 8 kwa uniti, juu ya bei ya shirika la umeme. Hilo zungumza kabla ya kuhamia.

Maziwa yameandikwa mwaka 2569. Na mbona Januari walisherehekea mwaka mpya, sasa tena?
*Mwanafunzi, Bangkok*

Wanahesabu kwa kalenda ya Kibuddha, iliyo mbele ya yetu kwa miaka 543. Mwaka wa serikali ulikuwa unaanza 1 Aprili hadi walipouhamishia 1 Januari mwaka 1941, na kwa sababu hiyo mwaka wao uliotangulia ulikuwa na miezi tisa tu. Songkran ikabaki mwaka mpya wa watu. Kwenye maziwa, risiti za kodi na mikataba, toa 543 kabla ya kusoma tarehe ya mwisho.