Vipande vya oti vinavyomeguka: tatizo ni maji, gluteni haihusiki

Mleta mada, pole kwa trei tatu ulizomwaga. Kwa wanaoingia sasa hivi: dada yetu anaoka vipande vya oti na matunda kwa ajili ya kifungua kinywa cha mwanawe. Hatumii ngano, kwa sababu tumbo la mtoto linajaa kila akila mkate. Vipande vinatoka vibichi katikati, na vikipoa vinamong'onyoka. Wachangiaji wawili wamemshauri atafute unga wa kugandisha "kwa kuwa gluteni haipo", yaani ile protini ya ngano inayonata na kushika mkate. Wa tatu kamwambia oti ndiyo shayiri, aachane nayo kabisa.

Naoka hivi vitu karibu kila wiki, mwaka wa sita sasa, tangu mume wangu apimwe akakutwa na siliaki, ugonjwa ambao gluteni humdhuru mtu utumbo. Kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Nianze na huyo wa shayiri, kwa sababu kosa lake si dogo na tena si lake peke yake. Tunatumia neno shayiri kwa nafaka mbili tofauti. Kuna shayiri yenyewe, ile inayotengenezewa kimea, na hiyo ina gluteni kama ngano na nafaka iitwayo rai. Halafu kuna oti, ambayo kwa asili haina gluteni. Mfuko ukiandikwa "shayiri" huwezi kujua ni ipi mpaka uione nafaka yenyewe au usome jina lililoandikwa kwa lugha nyingine hapo chini. Mimi nyumbani nimelipiga neno hilo marufuku, tunasema oti. Mama mkwe alinicheka mpaka siku alipotuletea mfuko wa ile nyingine kama zawadi.

Sasa, kwamba oti haina gluteni haina maana kila oti ni salama. Inalimwa jirani na ngano na shayiri, inavunwa kwa mashine zilezile, inapita kwenye maghala na vinu vilevile. Punje ya shayiri na punje ya oti zinafanana kiasi kwamba hata mitambo ya kuchambua hupata shida kuzitenganisha. Ndiyo maana mwenye siliaki anatakiwa anunue oti iliyoandikwa waziwazi kuwa haina gluteni. Kipimo kinachotumika Marekani tangu kanuni zao za 2013, na vilevile katika Umoja wa Ulaya, ni kwamba bidhaa yenye maandishi hayo haizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Australia na New Zealand wao wamekaza zaidi: oti hairuhusiwi kuandikwa hivyo kabisa, kwa sababu ina protini yake iitwayo avenini, na wapo wagonjwa wachache wa siliaki ambao miili yao huikataa hata ikiwa safi namna gani. Mume wangu anaivumilia vizuri. Rafiki yetu mmoja haivumilii. Huwezi kubahatisha.

Na msidhani moto wa oveni utasaidia. Gluteni haifi kwa kuokwa, ingekuwa inakufa mkate usingemdhuru mtu.

Hapo hapo, mleta mada, kuna jambo umelitaja kwa kupita tu, kwamba umeshamwachisha mtoto ngano "kwanza tuone, hospitali baadaye". Naomba ugeuze huo mpangilio. Kipimo cha damu cha siliaki kinatafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza mtu anapokula gluteni. Ukimwachisha kwa muda halafu ukampeleka, kipimo kinaweza kuonyesha hana kitu ilhali anacho. Yalitupata hayo. Mume wangu alikuwa ameacha mkate miezi kadhaa kwa ushauri wa marafiki, na daktari akamrudisha kula ngano kwa wiki kadhaa ndipo apimwe. Zile wiki sitaki kuzikumbuka. Mpeleke mtoto, mweleze daktari anachokula sasa, na hata hiyo oti mwulize aianze lini, maana wapo madaktari wanaopendelea utumbo upone kwanza.

Haya, tuingie jikoni.

Wanaokuambia uongeze unga wa kugandisha wanafikiria mkate. Mkate unahitaji gluteni ili ubebe hewa. Kipande cha oti hakibebi hewa yoyote, kimeshindiliwa. Kinachokishika ni vitu vitatu: vitu vya kunata (tende, ndizi, siagi ya karanga), yai linaloganda kwa moto, na wanga wa oti wenyewe unaonyonya maji halafu ukakaza ukipoa. Gluteni haijawahi kuwa na kazi hapo. Ukisoma uliyoyaandika, umetumia ndizi tatu, tofaa moja lililokunwa na kikombe kizima cha stroberi mbichi kwa vikombe viwili vya oti. Dada, hiyo ni supu. Ndizi ni maji robo tatu ya uzito wake, na stroberi ni maji karibu yote. Oti inakunywa kadiri inavyoweza, yanayobaki yanatafuta pa kutokea, na katikati ya trei hayapati pa kutokea. Ndiyo ule ubichi. Halafu unaongeza dakika ili katikati paive, kingo zinakauka, na kingo hizo ndizo zinazomeguka. Magonjwa mawili, chanzo kimoja.

Vipimo vyangu ni hivi, kwa trei ya mraba ya sentimita 20. Oti bapa gramu 200, kama vikombe viwili. Robo yake naisaga kwenye blenda iwe unga, kwa sababu unga huo ndio unaojaza nafasi kati ya vipande vikubwa, na bila huo mtu anakula changarawe. Ndizi mbili zilizoiva mpaka ganda lina madoa meusi, nazisaga kwa uma. Tende gramu 100 bila kokwa, zilowe kwenye maji moto dakika kumi, nazichuja vizuri kisha nazipondaponda. Siagi ya karanga vijiko vikubwa vitano, ile iliyo karanga tupu. Yai moja. Zabibu kavu gramu 60, mbegu za maboga gramu 40, mdalasini, na robo kijiko cha chai ya chumvi. Chumvi usiiache. Bila chumvi ladha inakuwa ya uji wa jana.

Hamira na bekingi pauda siweki kabisa. Kwanza hazina kazi, hatutaki kitu kiumuke. Pili, bekingi pauda nyingine hujazwa wanga wa ngano ili isigande koponi. Hilo nililijua kwa uchungu: mwezi wa kwanza niliosha jiko zima, nikanunua oti safi, nikatenga sufuria, halafu nikatia kijiko cha kopo la zamani lililokuwa kabatini. Mume alilala siku tatu. Nilisoma maandishi ya kopo lile usiku wa manane huku nalia. Kwa hiyo soma maandishi ya kila kitu, hata tende zilizokatwakatwa, maana huwa zinanyunyiziwa unga zisishikane na unga wenyewe unaweza kuwa wowote.

Ukishachanganya, usikimbilie oveni. Acha bakuli dakika 15. Hiki ndicho kitu ambacho maelezo mengi hayasemi, na ndicho kilichobadilisha vipande vyangu kuliko kiungo chochote. Oti bapa inahitaji muda wa kunywa. Baada ya dakika hizo, kandamiza mchanganyiko kwa kijiko. Ukiona majimaji yanajitokeza pembeni, ongeza kiganja cha unga wa oti. Ukiona unapasuka, ongeza kipande cha ndizi. Unatakiwa ushikane kama udongo wa kufinyangia, ukiukamata mkononi unabaki na alama za vidole.

Tandika karatasi ya kuokea trei nzima, na iachwe itokeze pande mbili ili iwe mpini wa kunyanyulia baadaye. Mimina, kisha shindilia. Nasema shindilia, kupapasa hakutoshi. Natumia kitako cha glasi kilicholoweshwa maji, naegemea kwa uzito wangu, pembe kwa pembe. Nyuzi 175, dakika 25 hadi 28, mpaka kingo ziwe na rangi ya kahawia na katikati pasiache alama ya unyevu kidoleni.

Halafu usikate!

Najua harufu ile inavyovuta. Watoto wangu wamejifunza kutoka nje siku ya kuoka. Kipande cha moto bado ni laini kwa sababu wanga haujakaza na mafuta ya karanga bado ni maji. Ukikikata sasa kitamong'onyoka na utalaumu oti. Kiache saa nzima kwenye trei, kisha saa mbili kwenye friji, ndipo ukinyanyue kwa ile karatasi na kukikata kwa kisu kikubwa, kwa kukandamiza kwenda chini. Ukikata kama msumeno unachana zabibu na kubomoa kingo. Napata vipande 12.

Kuhusu stroberi zako: sikukatazi, ila zisiingie mbichi. Zipike peke yake, gramu 250 hivi, mpaka zisagike, tia kijiko kikubwa cha mbegu za chia, endelea mpaka kijiko kikipita chini ya sufuria njia ibaki wazi kidogo kabla ya kujifunga. Kisha oka theluthi mbili za mchanganyiko wa oti dakika kumi kama sakafu, paka matunda juu, nyunyiza theluthi iliyobaki, urudishe mpaka juu pawe kahawia. Kuna kazi zaidi, lakini vipande vya aina hii ndivyo vinavyoisha kwanza nyumbani kwangu. Tofaa nalo ukilikuna, likamue kwa kitambaa safi. Utashangaa maji yanayotoka, kunywa.

Asiyekula yai: kijiko kikubwa cha mbegu za kitani zilizosagwa na vijiko vitatu vya maji, iache dakika kumi igeuke ute. Inashika, ingawa kipande kinakuwa laini zaidi. Asiyeweza karanga atumie siagi ya mbegu za alizeti. Kama mtu ana mapishi yake yenye soda ya kuokea, asishtuke akikuta vipande vimegeuka kijani ndani kesho yake. Mbegu za alizeti hufanya hivyo zikikutana na soda, wala hazijaoza. Nilishatupa trei nzima kwa kutojua hilo.

Kuna aliyeandika hapo juu kwamba vipande hivi "havina sukari, kula utakavyo". Hapana. Sijaweka sukari ya mfuko, ni kweli, lakini tende zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari, na zabibu kavu vivyo hivyo. Nilipiga hesabu ya trei yangu: kila kipande ni kama kalori 180 na kitu, sukari gramu 11 hivi, nyuzinyuzi kati ya gramu 3 na 4, protini kama gramu 6. Kwa kifungua kinywa kimoja na kikombe cha maziwa au yai la kuchemsha, kinamfikisha mtoto mchana. Vinne mbele ya televisheni ni habari nyingine. Na ile sifa ya oti ya kushusha lehemu (kolesteroli) ni ya kweli, inatokana na nyuzinyuzi ziitwazo beta-glukani, ila kiwango kinachotajwa ni gramu 3 kwa siku, na kipande changu hakina hata gramu moja. Mimi naviokea kwa sababu vinashibisha na mume wangu anaweza kuvila bila woga. Hayo yananitosha.

Usitoe tende zote ukidhani unaboresha, maana ndizo gundi. Ukitaka kupunguza utamu, ondoa zabibu kwanza, weka mbegu badala yake.

Kuhifadhi: kwenye chombo chenye kifuniko ndani ya friji hukaa siku tano bila neno. Nje ya friji siviachi zaidi ya siku moja, ndizi na yai havitaki mchezo. Kwenye friza navifunga kimoja kimoja, na hukaa hata miezi miwili. Kinachotolewa usiku na kuwekwa kwenye friji, asubuhi kiko tayari kwa mkoba wa shule. Nyumba yenye wala mkate na asiyeula, weka chombo cha vipande rafu ya juu kabisa, maana chembe za mkate huanguka, hazipandi.

Trei ya nne ukiioka, usibadilishe vitu vitano kwa mpigo. Punguza maji, subiri zile dakika 15, basi. Kisha urudi hapa utuambie katikati pametokaje, na kama bado pabichi andika ukubwa wa trei yako, kwa sababu huo hukuutaja na nina wasiwasi nao.