Rangi peke yake haizuii moto mlangoni

SWALI: Nasimamia maktaba ya umma iliyomo katika nyumba ya kale ya mawe, Mji Mkongwe, Zanzibar. Fundi anasema akiipaka milango yetu ya ndani ya msaji mikono miwili ya rangi ya kuzuia moto, itahimili moto saa nzima, na cheti anacho. Tukubali?

JIBU: Msikubali. Vyeti vya aina hiyo naletewa kila mara, na nikivisoma hukuta vinaeleza jinsi moto unavyotambaa juu ya uso wa mbao, jambo lililo mbali kabisa na muda ambao mlango mzima unaweza kuzuia moto na moshi visivuke upande wa pili. Anayeuza la kwanza kwa jina la pili anacheza na roho za watu.

Ukagueni mlango mmoja kwa rula. Mbao ngumu huliwa na moto kiasi cha nusu milimita kwa dakika, hivyo miimo ya mlango, yaani zile mbao nene za pembeni zinazoshika paneli, si tatizo. Tatizo ni paneli, yaani mbao za kujaza katikati, ambazo fundi wa zamani alizinyoa kingo ili ziingie katika mfereji wa miimo. Zikibaki milimita 6 hapo, hizo ni dakika 12 tu, tena kwa hesabu ya ukarimu. Na uwazi wa chini unaoingia kidole hupitisha moshi kabla ubao wowote haujashika moto.

Kazi ya kweli ni kuimarisha paneli kwa tabaka jembamba linalovimba kwa joto, kuzamisha utepe unaovimba kwenye kingo za mlango, kupunguza uwazi wa pembeni hadi milimita 3 hivi, na kufunga kifaa cha kuufanya mlango ujifunge wenyewe. Fremu ikiwa imeachana na ukuta, pazibwe kwa chokaa, si kwa povu la kopo. Mlango mkuu wa nakshi, kwa kuwa unatoka nje, kwa kawaida hauhitaji lolote kati ya haya. Usifungwe kwa komeo watu wakiwa ndani, basi. Michoro ya kazi hii ipelekwe kwanza kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe na Kikosi cha Zimamoto na Uokozi.

Rangi zinazovimba zilizojaribiwa juu ya milango ya paneli zipo, lakini matokeo yake ni ya mlango ule uliojaribiwa, pamoja na fremu, bawaba na kitasa chake. Kwa hiyo wasimamizi wote wa shule, mahakama na ofisi zilizomo katika majengo ya kale, akija mtu na kopo na cheti, mwulizeni kilichowekwa katika tanuru la majaribio kilikuwa kipande cha ubao au mlango mzima, na ulihimili dakika ngapi. Asipoonyesha ripoti ya jaribio hilo, asipewe kazi.