Jibu: Je, mnyama wa porini hushukuru?

Mkuu, umeuliza kama mnyama wa porini anajua kushukuru au ni sisi tunaomvika hisia zetu. Mwangalie mlembe, yule ndege wa asali. Hafugwi wala hafundishwi na mtu, lakini anakufuata akipiga kelele, anaruka mti hadi mti mpaka penye nyuki. Wewe una moto na shoka, yeye anataka nta.

Kule Niassa, Msumbiji, Wayao humwita kwa mlio wa "brrr-hm". Utafiti wa 2016 ulionyesha kuwa mlio huo, ukilinganishwa na sauti nyingine, hupandisha uwezekano wa kufika penye nyuki kutoka asilimia 16 hadi 54. Wakishavuna humwachia nta yake. Shukrani hiyo, si ndiyo?

Sasa njoo kwa Wahadzabe, karibu na Ziwa Eyasi: mara nyingi nta huichoma au kuifukia, ili ndege abaki na njaa aendelee kutafuta! Na bado anawaongoza. Kwa hiyo upande wa ndege mimi naona tumbo tu. Mwenye shukrani hapo ni Myao. Na ile imani ya kwamba ukimnyima nta atakupeleka kwa simba, hiyo mimi naona ni hadithi ya kuwatisha wachoyo.