Baba atampata wapi mtoto aliyedandia treni?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naandika riwaya ya Marekani ya mwaka 1932, wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi. Kijana wa miaka 16 anatoroka shambani kwao Iowa baada ya kugombana na baba yake, naye baba anaondoka kumtafuta. Nimempeleka polisi, polisi wakapiga simu miji ya jirani, kijana akapatikana. Wenzangu wanasema haiingii akilini. Nimekuambatishia sura nne, nifanyeje?
— Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wenzako wamekuambia kweli. Polisi wa miji mingi mwaka ule walikuwa wakiwafukuza wapita njia kama huyo kijana, siyo kuwatafutia wazazi. Kampuni moja tu ya reli, Southern Pacific, iliripoti kuwashusha wadandiaji zaidi ya 680,000 mwaka 1932, na bila shaka wapo waliohesabiwa mara nyingi. Katika umati huo baba anamtafuta mmoja, tena huenda amebadili jina.

Kwa hiyo mtoe polisi, umkutanishe baba na watu. Mlinzi wa reli mwenye rungu. Mama anayewapa mkate wanaobisha mlango wa nyuma. Wazee wanaochemsha kahawa kwenye kopo kando ya reli. Wakazi wa vibanda vya mabati na maboksi vilivyoitwa Hooverville, kwa kumsuta Rais Herbert Hoover. Kila mmoja amweleze kipande kidogo: ndiyo, alipita hapa, lakini wiki iliyopita, na treni ile ilielekea magharibi.

Posta nayo usiisahau. Kadi ya posta ilikuwa senti 1, na barua iliweza kuwekwa posta mpaka mwenyewe aje kuiulizia. Mimi ningempa baba ukurasa mzima mbele ya dirisha hilo: karani analowesha kidole kwa ulimi, anapekua bahasha moja moja, anazipanga tena, anatikisa kichwa, na nyuma ya baba foleni inaanza kunung'unika.

Sasa nije kwenye kinachonisumbua zaidi, nao ni ule ugomvi. Wapo waliotoroka kwa ugomvi, sikatai. Lakini wengi waliondoka kwa sababu chakula hakikutosha, na wengine waliambiwa waziwazi kwamba wamekua, wakajitegemee. Kijana wako katokea Iowa, ambako bei ya mazao ilianguka vibaya hata Agosti 1932 wakulima wakafunga barabara karibu na Sioux City maziwa yasifike sokoni. Mwache awasikie wazazi usiku wakinong'onezana kuhusu deni la shamba. Mwache ahesabu sahani mezani, aamue kwamba akiondoka yeye mdogo wake atashiba. Ukifanya hivyo baba hamtafuti tena mtoto mkaidi. Anamtafuta mtoto anayeamini amemsaidia, na mtoto wa namna hiyo hata akimwona baba yake kwa mbali atajificha. Hiyo ndiyo riwaya yako, mwanangu.

Yule rafiki yake Mweusi uliyempandisha behewani, mpe hofu yake mwenyewe. Machi 1931 vijana 9 Weusi walishushwa kwenye treni ya mizigo huko Alabama, wakasingiziwa kuwabaka wanawake 2 weupe, na katika wiki chache tu 8 kati yao walihukumiwa kifo mjini Scottsboro. Mlinzi anapomulika taa ndani ya behewa, wavulana hao wawili hawaogopi kitu kimoja.

Umeuliza pembeni kama uisogeze hadithi hadi 1933, ilipoanzishwa CCC, mpango wa ajira wa serikali uliowapeleka vijana kupanda miti kwa dola 30 kwa mwezi, takriban 25 zikienda kwa familia. Walianzia miaka 18, kwa hiyo wako angelazimika kudanganya umri. Mimi ningebaki 1932, msaada huo ungali haujafika. Iandike upya sura ya kwanza kabla ya kuigusa ya nne, kisha uniletee zote mbili.