Feni imegoma kudhibitiwa baada ya kusasisha keneli

Umeeleza kwamba tangu usasishe keneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi), feni ya kompyuta yako mpakato inazunguka kwa kasi ya juu bila kupungua na huduma ya fancontrol, inayodhibiti kasi ya feni, haiwaki. Kwanza iwashe kompyuta upya ukichagua keneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea kompyuta inapoanza kuwaka. Feni ikitulia, kifaa chenyewe ni kizima.

Ninachoshuku zaidi ni namba za vihisi. Faili la /etc/fancontrol huvitaja kwa majina kama hwmon1, ilhali namba hizo hufuata mpangilio wa kupakiwa kwa viendeshi (programu zinazoendesha vifaa), kwa hiyo kilichokuwa hwmon1 jana kinaweza kuamka leo kikiwa hwmon3. Endesha amri grep . /sys/class/hwmon/hwmon*/name, kisha ulinganishe majibu na mstari wa DEVNAME, unaoorodhesha majina ya vifaa, ndani ya faili hilo. Yakitofautiana, endesha upya pwmconfig, programu inayoandika faili hilo, kwa ruhusa za msimamizi, wala usishtuke ikisimamisha feni kwa muda mfupi, kwani ndivyo inavyoipima.

Ikiwa yako ni ThinkPad, hakikisha pia kwamba kiendeshi cha thinkpad_acpi kimepakiwa na chaguo la fan_control=1, la sivyo amri za kubadili kasi zitakataliwa.